Kadi Zote Namba Moja

Nilikuwa nimemenya ndizi kumi na saba, zimebaki kama ishirini, na mikono imeshakuwa myeusi kwa utomvu, ndipo Zakayo, karani wa wilaya, aliposimamisha pikipiki yake mlangoni na kuninyooshea karatasi.

"Pokea, Mama Adelina."

"Kwa mikono ipi? Weka hapo juu ya debe."

Akaiweka juu ya debe, akaikandamiza na jiwe isipeperuke. Akasema sheria mpya ya vyama imeanza kazi. Kila chama cha zamani kiandikishe jina la mwanzilishi wake, jina moja tu. Mwanzilishi huyo atabaki katika nyumba ya chama maisha yake yote, yeye na watu wa damu yake. Wengine wanaoishi humo watoke ndani ya siku thelathini, na hawaruhusiwi kukaribishwa tena kwa mlango wa nyuma. Chama kisicholeta jina kitafutwa, na nyumba yake itakuwa ghala la mbolea.

"Nitaipitia kesho saa mbili asubuhi," akasema.

"Tukiandika watatu?"

"Nafasi ni ya mtu mmoja."

"Tukiandika 'Wote'?"

"Mama Adelina, huyo Wote ni mtoto wa nani?"

Akaondoka. Mimi nikamenya ndizi ya kumi na nane, kwa sababu karatasi haipikiki.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo, kaeni vizuri. Jambo hili nawaletea kama lilivyo, bila kulipamba, maana limenishinda. Kwanza niwajulishe watu wenyewe, msije mkaamua juu ya msiowajua.

Nchi yetu, Malungwe, ni ndogo. Katika ramani ya shuleni jina lake halikuenea ndani ya mipaka, likaandikwa katika nchi ya jirani na kuchorewa mshale. Katika nchi hiyo ndogo kipo chama kidogo cha ujamaa kinachoitwa Mkono Sawa, na katika nyumba ya chama hicho tunaishi watu tisa. Wazee watatu wana chumba kila mmoja. Mimi, mume wangu Method na watoto wetu wanne tunalala katika ukumbi wa mikutano. Nilikuja miaka minane iliyopita kuwatunza hao wazee, baada ya wanachama wengine kufa au kuhamia vyama vyenye magari.

Mzee Erasto Mabindo alijaliwa sauti. Sisemi sauti kubwa, hata ng'ombe anayo sauti kubwa. Mtu aliyekuja mkutanoni kumpinga Erasto alijikuta anatoka amebeba benchi la wenzake. Hana mke wala mtoto, na hajui kuchemsha maharage.

Leokadia alijaliwa kumbukumbu. Hakusoma hata darasa moja, lakini ukimwambia jambo leo, atakurudishia baada ya miaka ishirini pamoja na rangi ya nguo uliyovaa siku hiyo. Kuishi na mtu wa namna hiyo si raha. Mimi najua, kwa sababu ndiye mama yangu mzazi.

Mzee Yona Kishimbi alijaliwa kimya. Siku ya posa yake mshenga aliongea tangu asubuhi hadi jioni, Yona akasema "Ndiyo", na marehemu mkewe alikuwa akisema hilo ndilo lilikuwa neno lake refu la mwaka ule. Anaye binti mmoja mjini, mwenye watoto watano na chumba kimoja, na huyo binti ana kinyongo nasi kwa sababu anaona tumekaa mahali pake. Simlaumu.

Basi, hao watatu walikuwa vijana wachumaji wa pareto, yale maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu. Mashamba yalikuwa ya wenyewe, mikono ilikuwa yao. Jioni moja ya mvua walijibanza na wenzao ishirini katika banda la kukaushia maua, na humo wakaanzisha chama. Walikubaliana mambo mengi haraka: mashamba yawe ya wanaoyalima, zahanati iwe ya kila mtu, mtu asimwite mwenzake bwana. Waligombana kwa jambo moja tu: nani apewe kadi ya kwanza.

"Tukimpa mtu namba moja," alisema Erasto, "kesho atataka kiti. Keshokutwa atataka kivuli cha kuwekea kiti."

Wakabishana jioni tatu. Mwisho wakakubaliana kwamba kadi zote ziandikwe namba moja, kwa kuwa katika ujamaa hakuna wa pili. Wakatunga na salamu yao. Mmoja akisema "Wote wa kwanza!", wengine wanajibu "Hakuna wa pili!" Katika mihtasari ya mikutano hawakuandika jina la mtu. Nimeisoma yote. Imeandikwa "Mwanachama alisema", "Mwanachama alikataa", "Mwanachama alipiga meza". Ukutani, mahali ambapo vyama vingine hutundika picha ya mkubwa, walitundika kioo, ili kila anayeingia amwone kiongozi. Watoto wangu wanakitumia kuchania nywele.

Serikali ya wakati ule ilipokipiga chama marufuku, mtindo huo uliwasaidia. Polisi walimkamata mchumaji mwenye kadi namba moja, wakafurahi, wakatangaza kwamba mwanzilishi amepatikana. Wiki ya pili wakamkamata mwingine mwenye namba moja. Walimkamata mwanzilishi mara thelathini na moja. Mpaka leo wazee wakikumbuka hilo wanacheka hadi wanakohoa. Lakini leo hii swali lile lile la polisi limerudi kwa karatasi, tena kwa adabu, na hakuna anayecheka.

Marufuku ilidumu miaka saba. Katika miaka hiyo kila mmoja wa wazee wangu alifanya lake.

Leokadia alibeba orodha ya wanachama. Usiku wa marufuku walichoma karatasi zote, na aliyesoma orodha kwa mara ya mwisho kabla ya kuitia motoni aliisoma mara moja tu, Leokadia akiwa amekaa pembeni anamnyonyesha dada yangu. Majina mia nne na kumi na mbili. Akayatungia sauti ya wimbo wa kuchumia maua, akayaimba shambani kila siku, wasimamizi wakidhani anataja ukoo wake. "Mama huyu ana wajomba wengi," walisema.

Yona alikamatwa mwezi wa pili na kukaa gerezani karibu miaka yote saba. Walimuuliza majina. Hakutaja hata moja. Walimuuliza jina lake mwenyewe, nalo hakulitaja, wakamwandika "Asiyejulikana". Alitoka na meno sita. Kwa kimya chake wale mia nne na ushei waliendelea kulala vitandani mwao.

Erasto alijificha milimani mwaka wa kwanza, akishuka kuzungumza na watu kwenye misiba na mahari, palipokuwa na kelele za kutosha kumficha. Watu waliotaka kuondoka katika chama walimsikia wakabaki. Mwaka wa tatu alikamatwa, mwaka uliofuata akaachiwa. Mwaka wa saba serikali ilipobadilika, marufuku ikaondolewa kwa sharti moja: chama kilete wanachama mia nne uwanjani kwa siku moja, wahesabiwe, la sivyo kibaki kimekufa.

Siku hiyo ndiyo chanzo cha matata yangu ya leo, kwa hiyo isikilizeni vizuri.

Leokadia aliimba majina, kijiji baada ya kijiji, ili ijulikane nani wa kufuatwa. Erasto alikwenda mlango kwa mlango kuwasemesha, maana watu walikuwa na hofu na wengine walikuwa wamejifungia ndani. Nao walikuwepo wa kufuatwa, hawakuuawa wala kufungwa, kwa sababu Yona alinyamaza. Walikuja mia nne na sita. Karani wa siku ile aliwahesabu mara mbili.

Toa kumbukumbu, hakuna ajuaye pa kubisha hodi. Toa sauti, mlango haufunguliwi. Toa kimya, nyumba yenyewe ni tupu. Sasa mwanzilishi ni nani hapo?

Baadaye chama kilishinda uchaguzi, kikatawala miaka tisa. Kilijenga zahanati kumi na nne, na mimi nilizaliwa katika mojawapo. Kiligawa mashamba ya pareto kwa wachumaji. Pia kilikusanya ng'ombe wote wa wilaya yetu katika zizi moja la pamoja, na Jumapili ya kwanza hakuna aliyekwenda kukamua, kila mtu akiamini mwenzake amekwenda. Ng'ombe walilia kutwa nzima. Mama anasema hiyo ndiyo Jumapili walipoanza kushindwa, ingawa uchaguzi ulikuja miaka mingi mbele. Waliposhindwa walikabidhi funguo za ofisi, wakarudi nyumbani kwa miguu. Siwaambii hadithi ya malaika. Nawaambia ya watu waliojaribu jambo, likawatoka nusu.

Turudi kwenye ndizi. Nilipomaliza kumenya nilinawa kwa mafuta ya taa, nikawaita wazee ukumbini, nikawasomea karatasi. Erasto aliomba niisome tena. Kisha wakafanya kama walivyozoea maisha yao yote: wakafungua mkutano.

"Wote wa kwanza!" akasema Erasto.

"Hakuna wa pili," akajibu mama, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga sheria.

Katika Mkono Sawa mtu haruhusiwi kujipendekeza mwenyewe. Anampendekeza mwenzake, na hakuna kupinga pendekezo bila sababu. Erasto akampendekeza mama. Mama akampendekeza Yona. Yona akanyoosha kidole, akamwelekezea Erasto. Kila mmoja kura moja. Wakarudia, ikawa vile vile. Binti yangu Adelina, aliyekuwa anapuliza moto jikoni, akatoa kichwa mlangoni.

"Mama, andika Bibi tu! Sisi tupo saba, wao wawili."

"Rudi kwenye moto wako."

Lakini nisiwafiche. Kalamu nilikuwa nayo, na hesabu ya Adelina nilikuwa nimeshaipiga tangu ndizi ya ishirini. Mama akiandikwa, mimi na watoto tunabaki, wanaondoka wazee wawili. Akiandikwa Yona, anakuja binti yake na watoto watano, na haki ya baba yao wanayo. Akiandikwa Erasto, anabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu na ukumbi, akiangalia maharage mabichi. Na asipoandikwa mtu, inalala mbolea.

"Basi toeni sababu," nikasema. "Kila mmoja aseme kwa nini hataki jina lake. Nina sufuria motoni."

Erasto akaanza. "Mwaka wa nne wa marufuku nilisoma tangazo redioni. Mlilisikia. Nilisema chama kimekufa, watu warudi makwao."

"Ulilazimishwa, Ndugu Erasto," mama akasema. "Walikuambia watamnyonga Yona usiposoma."

"Hiyo ndiyo niliyowaambia nyinyi. Hawakusema hivyo. Waliniweka katika chumba chenye giza siku mbili, siku ya tatu nikawaomba mwenyewe hiyo karatasi. Niliogopa giza. Ndivyo ilivyokuwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Sauti iliyokiua chama redioni mnataka kuiandika kwamba ndiyo iliyokizaa?"

"Lakini baada ya lile tangazo msako ulipoa," mama akasema. "Watu walipata usingizi. Hata mimi."

"Sikusoma ili mpate usingizi."

Zamu ikawa ya mama. Nilidhani atasema hana kosa, namfahamu.

"Majina hayakuwa mia nne na kumi na mbili," akasema. "Yalikuwa mia nne na kumi na tatu."

Erasto akageuka kumtazama. Sote tulishtuka.

"Gaspari Lwanda," akasema mama. "Mume wa dada yangu. Siku mliposoma orodha, dada yangu alikuwa amelala kwangu na mkono umevunjika. Aliuvunja Gaspari. Nikamtoa kwenye wimbo. Siku ya uwanjani alivaa shati safi, akakaa mlangoni kwake kusubiri kuitwa, nami nikapita njia ya juu. Alikufa akiamini chama kilimfukuza."

"Mama," nikasema, "kwa nini hukusema?"

"Ungeniuliza ningesema."

"Ningeulizaje jina ambalo halipo?"

"Ndiyo sababu nasema sasa. Mtu anayekunyima jina lako si mtu wa kuandikwa jina lake."

"Alimvunja mkono mwanamke," Erasto akasema. "Ulifanya vizuri."

"Basi ningesimama mkutanoni nikasema hivyo, mpige kura. Sikusimama. Niliamua peke yangu, kama bibi wa shamba."

Tukamgeukia Yona. Tulisubiri. Adelina aliingia, akauliza chumvi iko wapi, akatoka. Hatimaye mzee akafungua mdomo, na nadhani watoto wangu walikuwa hawajawahi kumsikia akisema zaidi ya "Asante".

"Gerezani alikuwepo Sospeteri. Mchumaji. Hakuwa mwanachama, walimkamata kwa makosa. Wakaniuliza, huyu ni wenu? Nilijua si wetu."

"Ukasemaje?" nikauliza.

"Nilinyamaza."

"Neno 'hapana' tu, Mzee Yona?"

"Ningesema 'hapana' kwa huyo, wangeleta mwingine, wa kweli. Nikinyamaza kwa huyo wa kweli, wangejua." Akapumzika. "Sospeteri alikaa miaka minne. Mkewe akaolewa na mtu mwingine. Siku anatoka alinisalimia."

Hakuna aliyemtafutia udhuru wa kumfariji, kama tulivyowafanyia wenzake.

Hapo mimi nikachanganyikiwa kabisa. Nilidhani nikisikia makosa yao nitajua la kufanya, mwenye kosa dogo nimwandike. Nimeyapima kama ninavyopima unga, na kila nikiweka moja upande huu, upande ule unashuka. Erasto alifanya jambo la woga, likawaokoa watu. Mama alifanya jambo ambalo wanawake wengi hapa wangempigia vigelegele, likamvunja mtu maisha. Yona alifanya jambo sahihi kabisa, na aliyelilipia ni mtu asiyehusika. Ukiniuliza lipi ni kubwa, nitakwambia nipishe nikageuze ndizi.

Nikageuza ndizi. Niliporudi nikasema, "Mimi nitaandika jina. Mtanisamehe."

"Ukiandika langu," mama akasema, "kesho saa mbili namweleza Zakayo habari za Gaspari."

"Na mimi za redio," Erasto akasema.

Yona akagonga meza mara moja. Maana yake, na yeye.

"Sasa mnataka nini?" Nilipaza sauti, nakiri. "Mnataka mbolea? Miaka hamsini mmekataa kuwa wa kwanza, leo kukataa kwenu kunawatoa watoto wangu nje! Huo ndio usawa?"

Ni mama aliyejibu, taratibu. "Mwanangu, wewe ni damu yangu, huwezi kuamua. Erasto ana deni la woga kwa Yona, hawezi kuamua. Yona hataki kusema. Mimi nakumbuka mno. Tutafute mtu asiye wa nyumba hii, asikie yote kama tulivyoyasema, aseme jina. Jina hilo tutalikubali, wala hakuna atakayekwenda kwa Zakayo. Mnaafiki, ndugu?"

Erasto akanyoosha mkono. Yona akanyoosha mkono. Hilo ndilo azimio pekee la Mkono Sawa nililowahi kuliona likipita kwa kura zote, na nikaliandika katika muhtasari: Mwanachama alisema, wanachama wakakubali.

Method aliporudi kutoka kazini aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia anawe kwanza.

Chakula ni ndizi na maharage, nazi kidogo. Nimepakua. Mzee Erasto yupo, anapuliza sahani yake. Mama yupo. Mzee Yona yupo, amempakata mdogo wetu Sifuni, kwa hiyo Sifuni yupo. Adelina yupo na wadogo zake wawili wanaogombea kijiko kimoja wakati vijiko vipo vingi. Method yupo. Mimi nipo. Tisa. Hakuna aliyepungua, leo.

Nyinyi mmesikia yote niliyoyasikia mimi, na hakuna hata mmoja wenu anayelala katika nyumba hii. Karatasi ni hii, kalamu ni hii, nafasi ni ya jina moja, na Zakayo anakuja saa mbili. Semeni basi: mwenye sauti, mwenye kumbukumbu, au mwenye kimya? Ungekuwa wewe, ungemwandika nani, na ungewatazamaje wengine wakifungasha?